Somo, viti 100,000 ni vya nani?

Somo yangu,

Salaam nyingi zikufikie hapo Malindi, na mama umpe shikamoo yangu, mwambie ile halua ilifika na haikulala. Sisi huku Amu sote wazima alhamdulillahi, kusi limeanza kuvuma na maboti ya kwenda Mokowe yanarusha maji mpaka abiria wanashuka wameroa, lakini maisha yanakwenda.

Voisi yako niliisikiliza yote, na nimeona nikujibu kwa kuandika manake kwa simu hunipi nafasi. Unasema Manchester United yako wanajenga uwanja wa watu 100,000 kando ya Old Trafford, uwanja wao wa sasa, na Arsenal yangu wasipopanua uwanja wao wa Emirates wafike hata 80,000 basi wamekwisha, watakuwa klabu ndogo. Kwanza hawajajenga, wametangaza tu, Machi 2025, na hesabu yenyewe ni kama pauni bilioni 2, na klabu yako ina madeni hata bila ya hilo. Pili, mimi nakubali Arsenal wapanue, wallahi nakubali, lakini hiyo namba uliyoishikilia wewe siyo inayonishughulisha. Mimi nataka kujua nani atakaa pale, kwa bei gani, na siku ya Jumatano ya baridi timu ikiwa ya nane kwenye jedwali bado atakuja ama atakaa nyumbani.

Wewe wakati ule macho yako yalikuwa kwenu tu kwa hivyo labda hukuyafuata vizuri yaliyotupata sisi wa Arsenal. Highbury, uwanja wetu wa zamani, ilikuwa inachukua watu 38,000 na kitu, imejaa kila wiki, watu wanataka kuingia na hakuna pa kuwatia, kwa hivyo kuhama ilikuwa lazima na sijawahi kusema vingine. 2006 tukaingia Emirates, viti 60,000, kazi ya karibu pauni milioni 390, na Highbury ikageuzwa fleti zikauzwa. Sasa lile deni likawa linakula kwenye meza moja na timu, kila mwaka kocha wetu Wenger anaambiwa uza kwanza ndo ununue, 2011 akaenda Fabregas, akaenda Nasri, 2012 akaja kwenu Van Persie na msimu ule ule akawapa ubingwa, hilo sijalisahau na sitalisahau. Kutoka Kombe la FA la 2005 mpaka la 2014 hatukushika kitu. Siwezi kusema ni uwanja peke yake, manake Chelsea na Manchester City nao walikuja na pesa za kupindukia, lakini uwanja ulikuwa na sehemu yake kubwa na anayesema panueni leo kesho tuanze ni mtu ambaye miaka ile hakuiishi.

Na kujaa kwenyewe, somo, tusidanganyane na namba zinazotangazwa. Arsenal hutangaza tiketi zilizouzwa, hawahesabu vichwa vilivyopita mlangoni. Unakumbuka Machi 2018, City walikuja wakatufunga 3-0, theluji imeanguka London, timu imekata tamaa, na ukitazama kwenye skrini unaona viti vyekundu vitupu safu kwa safu? Vile vyote vilikuwa vimelipiwa. Mtu ameshatoa pesa yake na bado ameona bora abaki nyumbani. Kiti kilichouzwa na kiti kilichokaliwa ni vitu viwili mbalimbali kabisa, na kelele za uwanjani zinatoka kwa kile kilichokaliwa.

Sasa hivi najua mambo ni mengine, kocha Arteta amewarudisha watu, foleni ya kungojea tiketi ya msimu ni ndefu na ukitaka tiketi ya mechi moja tu unaingia kwenye bahati nasibu. Kwa hivyo watu wapo, hilo nakupa. Na pesa ipo, mapato ya siku za mechi yamepita pauni milioni 100 kwa mwaka, na sheria za ligi zinazobana matumizi ya klabu haziingizi gharama za kujenga uwanja, kwa hivyo mwenye klabu akitaka kujenga hazuiliwi. Haya yote yako upande wako.

Lakini angalia lile la Liverpool, manake mimi ndo linalonirudia kila nikifikiri jambo hili. Walikuwa wanapanua jukwaa kuu la uwanja wao wa Anfield, jambo zuri, kila mtu amefurahi, halafu zikatoka bei za msimu unaofuata na ndani yake kuna tiketi ya pauni 77. Februari 2016 wanacheza na Sunderland nyumbani, wanaongoza 2-0, ilipofika dakika ya 77 maelfu ya watu wakainuka wakatoka. Watu wa Anfield, somo, watu wanaoimba mpaka koo zikauke, wakatoka timu yao ikiwa inashinda, na walipotoka Sunderland wakarudisha magoli yote mawili, ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wenye klabu wakaomba radhi na ile bei ya 77 wakaifuta. Lile jukwaa lilifunguliwa mwaka huo huo likajaa, na sasa wameshaongeza na upande wa Anfield Road wamefika kama 61,000 na bado wanajaza. Mimi naamini kabisa yale ya dakika ya 77 ndo yaliyowafanya wajaze, manake wenye klabu walielezwa mapema na wakasikia.

Halafu linganisha na kwenu. Mwishoni mwa 2024, katikati ya msimu, United wakasema tiketi za wanachama zilizobaki ni pauni 66, mtoto 66, mzee wa pensheni 66, hakuna kupunguziwa. Mtu aliyempeleka babake Old Trafford miaka yote akaambiwa mzee alipe sawa na kijana mwenye mshahara. Na hao ndo wanataka kujaza 100,000? Watajaza, sikatai, jina la United ni kubwa na watalii ni wengi, lakini watalii huja mara moja wakapiga picha, na timu ikianza kupoteza hawana sababu ya kurudi. Tazama hata pale Emirates, ile pete ya katikati yenye viti kama 7,000 vya bei kali, kipindi cha pili kinaanza na nusu yao bado wako ndani wanakula. Mpira unachezwa, somo! Mimi nikitazama hapa mtaani Langoni, tumebanana kibandani mbele ya skrini mabega kwa mabega na wengine wamesimama mlangoni, na kiti kile cha thamani yote ile kiko kitupu, roho inaniuma kweli.

Uliniuliza kama nina mfano wa klabu iliyoharibikiwa kwa kujenga kubwa. Ninao. Kuna mji kaskazini mwa Uingereza unaitwa Darlington, timu yao ilikuwa daraja za chini kabisa za ligi, watazamaji wao elfu chache tu. Mwenye timu, George Reynolds, akawajengea uwanja wa viti 25,000, ukafunguliwa 2003. Mechi ya kwanza walikuja elfu kumi na kitu, baada ya hapo wakabaki elfu chache tu, wametawanyika kwenye uwanja mzima hata ukipiga makofi husikiki. Kabla mwaka haujaisha klabu ilikuwa imeshashindwa kulipa na imekabidhiwa wasimamizi, ikapita hivyo tena na tena mpaka 2012 ikabidi mashabiki waianzishe upya kutoka chini, na ule uwanja wakauacha. Ni kama mtu mwenye mzigo wa dau akaenda kuunda jahazi, halafu hana mabaharia wa kulitweka tanga.

Na Juventus walifanya kinyume chake. Walikuwa na Delle Alpi, uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 1990, watu karibu 69,000, una njia ya riadha pande zote na mtazamaji yuko mbali na mchezo, ukawa hauji mtu. Wakauvunja, wakajenga hapo hapo wa 41,000 tu, watu karibu kabisa na majani, wakaufungua 2011 na wakachukua ubingwa mara tisa mfululizo kuanzia msimu ule ule. Klabu kubwa vile, na hawakuona aibu kupunguza.

Sunderland ukiniletea kama mfano wa uwanja mkubwa unaojaa nitakubali, walishuka mpaka daraja la tatu na siku ya pili ya Krismasi 2018 wakaingia zaidi ya 46,000. Lakini kule mji mzima ni timu moja na bei mtu anaiweza.

Jambo jingine ambalo hamlisemi nyinyi watu wa namba ni hao watu watafika vipi. Emirates imezungukwa na reli na nyumba za watu. Kituo cha Holloway Road kiko pale pale mlangoni na siku za mechi matumizi yake yanazuiliwa kwa sababu hakiwezi kubeba umati, na ni tangu uwanja ujengwe, manake kukipanua kulionekana ni ghali mno. Ukiongeza watu elfu kumi na kituo ni kile kile, watu wataanza kutoka dakika ya 80 wawahi treni.

Na kwetu Kenya somo la viti tumelisoma juzi juzi tu. Kasarani imejengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987, na miaka mingi mechi za ligi zinachezwa safu nzima nzima ziko tupu. Agosti 2025 ikaja CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, timu yetu ya taifa Harambee Stars wanacheza vizuri, wamewafunga Morocco 1-0, tiketi mwananchi anaiweza, watu wakafurika mpaka wengine wakaingia bila tiketi na CAF, wasimamizi wa mpira wa Afrika, wakapunguza idadi inayoruhusiwa. Viti vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni timu na bei na watu kuhisi kwamba ni yao.

Kwa hivyo mimi ningekuwa na sauti pale London ningesema wapanue, lakini pole pole, wafike labda 70,000, jukwaa moja baada ya jingine bila kuhama, na wasimuuze mchezaji hata mmoja kwa ajili ya saruji. Na vile viti vipya vingi viwe vya vijana wa Islington, pale uwanja ulipo, na mitaa ya jirani, bei iwekewe kikomo kama walivyowekewa mashabiki wa ugenini, pauni 30 tangu 2016 na ligi haijafa njaa. Anayekata tiketi ya msimu na asiende mara kadhaa arudishe, apewe aliye kwenye foleni. Nusu ya viti vipya ikiwa ni vya makampuni basi mimi siungi mkono hata wakifika laki.

Nijibu hili la bei kwanza kabla hujarudi kwenye namba zako. Na ukija kwa Maulidi njoo mapema, twende kiwanja cha Twaif tukatazame mechi za vijana, pale hakuna kiti hata kimoja cha kubishania na watu wanazunguka kiwanja chote. Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako somo,
Amu