Barua kwa mwanangu: Nipe na "ila" yake

Mwanangu mpenzi,

Tangu tulipozungumza Jumapili, maneno yako hayajanitoka. Ulisema Waingereza ni waongo. Yule mwenzako wa darasani alikwambia lazima siku moja uende kwao kula chakula cha jioni. Wiki sita zimepita, kila mkikutana anakuchekea, wala siku yenyewe haitaji. Nilikusikia umeumia. Sikutaka kukujibu harakaharaka kwenye simu, maana jambo hili nimelipitia mwenyewe.

Nilipofika Leeds, huko Uingereza, mwaka 2003 kufanya kazi ya uuguzi, Kiingereza nilikuwa nacho. Nilisomea kwa Kiingereza na mitihani nilifaulu kwa Kiingereza. Nisichokijua ni neno lipi limebeba mzigo na lipi linapita tupu. Wiki ya kwanza mtu alinisalimu ukumbini, "How are you?" Nikasimama nimweleze: sijalala vizuri, baridi imeniingia mifupani, nyumbani nimeacha mtoto wa miaka miwili. Mtoto huyo ni wewe. Nilipoinua macho alikuwa ameshafika mlangoni. Siku hiyo nililia chooni.

Baadaye nikatulia nikaona kwamba hata sisi tunazo salamu za namna hiyo. Mtu akikuuliza hujambo, hata kama una homa unajibu sijambo, na hakuna anayekuita mwongo. Shikamoo tunaitoa bila kugusa mguu wa mtu. Na wao, ile "goodbye" yao ilianza kama dua, Mungu awe nawe, ikasagwa na ndimi za watu mpaka wengi hawajui tena kuwa ndani yake Mungu anatajwa. Salamu ni hivyo, hutumika mpaka ikabaki ganda, lakini ganda lile nalo lina kazi yake. Linamwambia mtu: nimekuona, hatuna ugomvi.

Kuhusu mwaliko, basi. Kwetu tukiwa tunakula na mtu akapita, tunamwambia karibu, naye hujibu starehe akaendelea na safari yake. Lakini akinawa mikono akakaa, tunasogeleana. Karibu yetu unaweza kuikalia. Ya kwao isiyo na tarehe huwezi. Mwenzako hakukudanganya, alikwambia anakupenda kiasi kwamba angefurahi mkiwa watu wa kualikana. Mwingereza anayetaka ufike kweli atasema Jumamosi, saa fulani, na atakuuliza kama kuna kitu huli. Usimsubiri. Mpikie wewe wali wa nazi, mtajie siku, uone kama hatakuja.

Hilo la chakula halina madhara makubwa. Lililo na madhara ni lile neno zito linalosemwa kwa wepesi. Mimi niliambiwa na sista wa wodi, muuguzi aliyetusimamia, "Labda ungependa kukiangalia tena kile kidonda, ukipata nafasi." Nikaelewa hivyohivyo, nikipata nafasi. Nilikuwa na wagonjwa wengine, nikawahudumia, kisha nikaenda kunywa chai. Aliporudi alikuta bandeji ileile, imelowa. Hakunifokea. Alisema amesikitika kidogo. Ilinichukua muda kujua kwamba "ungependa" ile ilikuwa amri, na "kidogo" ile ilikuwa kubwa, tena imeandikwa kwenye faili langu. Mgonjwa yule hakudhurika, namshukuru Mungu, lakini mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya.

Kisha alikuwapo mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Kila nikimuuliza maumivu anajibu, "Not too bad", si mabaya sana, na anaongeza kwamba haifai kunung'unika. Nami naandika: hana maumivu makali. Usiku mmoja nikaona ameng'ata shuka. Nikamuuliza upya, safari hii kwa namba: sufuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu yasiyovumilika, wewe uko wapi? Akasema nane. Tangu siku ile sikuridhika tena na jawabu la kwanza la mgonjwa wa kule.

Mzee huyo alikuwa amepigana vita vya Korea, na ndiye aliyenisimulia habari ya Mto Imjin. Aprili 1951, wanajeshi Waingereza wa kikosi cha Gloucestershire walizingirwa na Wachina waliowazidi mno kwa idadi. Inasimuliwa kwamba kamanda wa brigedi yao, Tom Brodie, alipoulizwa hali na jenerali Mmarekani aliyekuwa juu yake, alijibu kuwa mambo yananata kidogo. Mwingereza angesikia hapo: tunaangamia. Mmarekani alisikia kwamba pana ugumu, lakini watashikilia. Amri ya kurudi nyuma ikachelewa, na mamia ya vijana wale wakachukuliwa mateka. Wote wawili walikuwa wanazungumza Kiingereza, mwanangu, tena ndiyo lugha waliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo yale maneno ya mwalimu wako pembeni ya insha, "quite good", yasome tena. Kwa Mmarekani huenda ingekuwa sifa. Kwa Mwingereza mara nyingi maana yake ni nzuri kiasi, bado. Nenda ukamuulize ni wapi pamepungua, naye atakwambia bila kinyongo.

Sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Jumapili nilikuuliza unaendeleaje, ukanijibu, "I'm fine, mama," kisha ukahamia kwenye habari za mvua. Ulinijibu kama yule mtu wa ukumbini. Wape wao jawabu hilo, ndilo lao. Mimi usinipe. Sisi tukisema salama huwa tunaacha mlango wazi nyuma yake. Unakumbuka jirani alipokuja alfajiri kutuletea habari ya babu yako? Alibisha hodi, tukasalimiana mpaka mwisho, kwema, kwema, salama. Kisha akasema "ila", na sote tukajua. Kwenye "ila" ndipo mtu anapoweka kilichomleta. Kwenye "I'm fine" yako sikuisikia, nami nilisubiri.

Hapa nyumbani hatujambo, ila bibi yako mguu umeanza kuvimba tena na hospitali hataki kusikia, na mimi siku hizi naamka saa tisa usiku nakaa kitandani nakuwaza. Jumapili nitakupigia saa mbili usiku, kwenu itakuwa saa kumi na moja jioni. Nitakuuliza hali. Nitajie namba, sufuri mpaka kumi.

Mama yako