Harambee ya Vitabu vya Picha: Utoto wa Wadalit Katika Maktaba Yetu

Ndugu wazazi, walezi na marafiki wa shule,

Kamati ya maktaba inawaomba mchango wa kununua vitabu vya picha kutoka India vinavyosimulia utoto wa Wadalit, watu ambao mfumo wa matabaka ya kuzaliwa uliwahesabu kuwa najisi, na ambao wangali wakitengwa ijapokuwa Katiba ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1950, ilipiga marufuku ubaguzi huo. Wanafunzi wetu wanaijua India kwa filamu, na katika nyingi ya filamu hizo mtoto wa Kidalit haonekani kabisa.

Kitabu tunachokitaka kwanza ni Bhimayana, kilichotolewa na shirika la uchapishaji la Navayana mwaka 2011 na kuchorwa na Durgabai Vyam na Subhash Vyam. Kinasimulia maisha ya B. R. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya Katiba hiyo, ambaye akiwa mwanafunzi aliketi juu ya gunia lake mwenyewe na hakuruhusiwa kugusa bomba la maji. Mtumishi wa shule asipokuwapo kumfungulia, alishinda na kiu. Wachoraji wameyapa maneno ya dharau mkia wa nge, na maneno ya upole umbo la ndege, hata mtoto asiyejua kusoma akatambua ni nani anayeuma.

Hata hivyo, hatukuridhika na kitabu hicho peke yake. Mtoto akichorwa siku zote akiwa anadhalilishwa, msomaji humwonea huruma tu wala hatamani kucheza naye, na hilo kwa maoni yetu halitoshi. Ndiyo maana tumeongeza mfululizo wa Different Tales, ulioandaliwa na kituo cha Anveshi cha Hyderabad mwaka 2008, ambamo watoto wa jamii zilizosukumwa pembeni wanasaidia kazi za nyumbani, wanataniana, na wanakula vyakula ambavyo vitabu vya shule huvikwepa.

Tunahitaji shilingi 900,000, na sehemu kubwa italipia usafirishaji. Vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo walimu watawasimulia watoto kwa Kiswahili huku wakiwaonyesha picha, na mzazi mwenye nafasi anakaribishwa kusaidia. Michango ipelekwe kwa mhazini, naye atatoa stakabadhi kwa kila kiasi, hata kikiwa kidogo. Anayependelea kutoa rafu za vitabu badala ya fedha pia tutamshukuru, maana tulizo nazo zimejaa.

Kwa heshima,
Kamati ya Maktaba