Waaborijino wa mjini hawajabaki na jina tu

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Australia niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika aya ya mwisho. Baada ya kuzisifu picha za vitone zinazochorwa jangwani, mwandishi wenu alisema kwamba Waaborijino, wale wenyeji wa asili wa Australia, wanaoishi mijini wamebaki na jina tu. Niliishi Melbourne miaka sita, na maneno hayo yameniuma.

Zaidi ya robo tatu ya Waaborijino hawaishi huko mbali jangwani. Wako katika majiji na miji ya mikoani. Tena wengine mji ndio uliowafuata: Melbourne yenyewe imejengwa juu ya ardhi ya Wawurundjeri na Waboon Wurrung. Mzaramo wa Kariakoo nani atamwambia si Mzaramo kwa sababu anapanda daladala?

Naomba niwaeleze habari ya majoho. Zamani, watu wa kusini-mashariki mwa Australia walivaa majoho ya ngozi za posamu, mnyama mdogo wa mitini mwenye manyoya mazito. Mtoto alifunikwa kwa vipande vichache, akikua vinaongezwa vingine, na siku ya kuzikwa alizikwa nalo. Upande wa ndani wa ngozi ulichorwa alama za ukoo na nchi yake. Wakoloni walipoleta mablanketi, majoho yakatoweka, na blanketi likilowa mvua halifai kitu. Katika jumba la makumbusho la Melbourne yamesalia mawili ya zamani, moja la mwaka 1853 na jingine la 1872.

Mwaka 1999 wasanii kadhaa, wakiwemo Vicki Couzens, Lee Darroch na Treahna Hamm, waliyaona majoho hayo wakaamua kujifunza upya kuyashona. Kufikia 2006, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofunguliwa Melbourne, wazee waliingia uwanjani wameyavaa. Ngozi zinaagizwa New Zealand, kwa kuwa Australia posamu analindwa na sheria.

Mimi niliwahi kukaa pembeni katika ukumbi wa mtaa wakati joho moja likitengenezwa. Ngozi zilitandazwa mezani, manyoya chini. Alama zilichomwa kwa kalamu ya umeme yenye ncha ya moto, na ukumbi mzima ulinuka ngozi iliyoungua. Binti mmoja, aliyezaliwa na kukulia mjini, alishika kalamu asijue aanzie wapi. Bibi aliyekuwa akiwaongoza, ambaye wote walimwita shangazi (wenzetu nao humheshimu mzee hivyo), akamuuliza: "Mto wa bibi yako ni upi?" Binti akautaja, akainama, akauchora taratibu, kona kwa kona. Kipande chake kikashonwa katikati ya vipande vya wengine. Huyo ndiye mnayesema amebaki na jina tu?

Na Sydney ni vivyo hivyo. Mwaka 1987 wasanii kumi wa mjini walianzisha ushirika wao, Boomalli, maana walikuwa wamechoka kuambiwa kwamba kazi zao si za Kiaborijino vya kutosha. Neno hilo maana yake ni kupiga, kuacha alama. Walipiga picha za kamera, walichora, walichapa vitambaa, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyewajibika kuchora vitone ili aaminike.

Ninaloomba ni dogo. Sahihisheni sentensi ile katika toleo lijalo. Na ile picha iliyopamba makala yenu, iliyoandikwa chini yake "sanaa ya Kiaborijino" basi, itajeni kwa jina la aliyeichora na la taifa lake. Wao wana mataifa mengi na lugha nyingi, na kila mchoraji anajua alama zipi ni zake na zipi hana ruhusa ya kuzigusa.

Msomaji wenu,
Tanga