Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Njia ya Kando ya Mto

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ya utendaji imepokea maombi mengi ya kurefusha njia, na machache mno ya kuitunza. Sababu inaeleweka: kipande kipya hukatiwa utepe, kalavati lililozibuliwa halikatiwi. Hata hivyo kamati inawaomba mkubali kwamba mwaka ujao tusiongeze hata mita moja mpaka maji yapate pa kupita kwenye vipande tulivyo navyo.

Uso wa njia

Sehemu kubwa ya njia yetu ni vumbi la kokoto lililoshindiliwa, upana mita 3, lililolala ubavu kwa asilimia 2. Yaani upande mmoja uko chini ya mwingine kwa sentimita 6 tu. Kwa macho huwezi kuuona mwinamo huo, lakini ukipotea, njia imekwisha. Nao hupotea polepole: magurudumu ya baiskeli yanapita palepale katikati hadi panabonyea, huku majani yaliyooza na mizizi ya nyasi vikijenga kijituta pembeni. Maji yakikosa pa kutokea hufuata urefu wa njia, na kadiri yanavyokimbia ndivyo yanavyochimba.

Tulikosea katika kutengeneza. Tulijaza mifereji kwa vumbi jipya tukaacha kijituta cha pembeni kilivyo, na mvua iliyofuata ikalibeba lote. Utaratibu ni huu: kwanza kata kijituta na nyasi zake, maji yapate mlango. Kisha kwangua uso mpaka chini ya kina cha mfereji, changanya la zamani na jipya, rudisha mwinamo, nyunyiza maji, ndipo ushindilie. Unyevu upimwe kwa mkono: chukua konzi moja ufinye. Likibaki donge, liko tayari. Likimeguka, ongeza maji. Likiacha maji vidoleni, acheni kazi mpaka likauke kidogo, kwa kuwa roli ya kushindilia itasukuma tope tu.

Vumbi lenyewe liwe la mawe yaliyosagwa, yenye pembe, kuanzia unga hadi milimita 6 au 10, na unga wake usiondolewe. Kuna shehena iliyoletwa ikiwa imeoshwa safi, inang'aa, na ilipokelewa kwa furaha. Haikushikana hata kidogo, kwa sababu kinachoyafunga mawe ni ule unga uliooshwa. Changarawe ya mtoni nayo isitumike juu. Ni ya mviringo, huviringika chini ya tairi kama shanga, na mwenye kiti cha magurudumu hawezi kabisa kupita hapo.

Panapozidi mwinuko wa asilimia 5, vumbi la kokoto halidumu hata ulishindilie vipi. Vipande hivyo viwekwe lami au zege, au njia izungushwe.

Makalavati

Mabomba ya sentimita 30 yaliyowekwa mwanzoni ndiyo yanayotusumbua kuliko kitu kingine chochote. Kuziba kwake kuna mpangilio: tawi moja linalala mlangoni, majani yanashikwa na tawi, chupa za plastiki zinaziba mianya iliyobaki, na tope linamalizia. Maji yanapanda mpaka juu ya njia, yanashukia upande wa pili, na kuanzia huko yanarudi yakila udongo chini ya uso. Mtembeaji haoni kitu mpaka ukingo umeporomoka.

Kila bomba litakalobadilishwa liwe la sentimita 45 kwenda juu, ili sepetu iingie na mtu aweze kulisafisha. Liinamishwe angalau asilimia 2, mlangoni lijengewe ukuta mfupi wa mawe, na kwenye tokeo litandazwe mawe makubwa ya kuvunja nguvu ya maji. Tokeo linaloning'inia hewani huchimba shimo, na shimo hilo humeza bomba. Makalavati yakaguliwe kabla ya msimu wa mvua na baada ya kila mvua kubwa, si kwa tarehe ya kalenda.

Kingo za mto

Mto haukai mahali pamoja. Kwenye kona hula ukingo wa nje na kuacha mchanga ndani, na sisi tumepitisha njia kwenye kingo za nje kwa sababu ndiko mandhari yalipo. Masanduku ya waya yenye mawe yanasaidia, ila yasipozamishwa chini ya kina ambacho mto huchimba, maji hupita chini ya kitako na ukuta mzima unainama kama ulivyo. Pale ardhi inaporuhusu, kamati inaona bora kuihamisha njia, na ukingo upandwe miti na nyasi zenye mizizi mirefu.

Wenzetu wakubwa hawakusalimika. Njia ya Katy nchini Marekani, takriban kilomita 385 juu ya tuta la reli ya zamani, iliharibiwa vibaya na mafuriko ya mto Missouri mwaka 1993. Nchini humohumo, kwenye njia ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, kando ya mto Potomac, mafuriko ya 1996 yalikifunga kipande cha Big Slackwater, na hakikufunguliwa tena hadi 2012. Kwa miaka yote hiyo watu walizungushwa kwenye barabara ya magari. Kilikuwa kipande kifupi kwenye njia ya karibu kilomita 300, lakini ndicho kilichoikata.

Madaraja

Mbao za kukanyagia zilazwe kukingama mwelekeo wa safari, na mwanya kati yake usizidi milimita 10, tairi jembamba lisinase. Kwenye kivuli huota ukoga unaoteleza kuliko barafu. Zisuguliwe kwa brashi ngumu. Bolti zikazwe upya baada ya mwaka wa kwanza, maana mbao mbichi husinyaa. Uzio wa pembeni usiwe chini ya sentimita 107.

Watumiaji

Malalamiko ni yaleyale: baiskeli zinazokuja kasi kutoka nyuma bila kengele. Utaratibu haujabadilika: baiskeli impishe mtembeaji, na wote wawili wampishe farasi. Matawi yakatwe hadi mita 3 juu, kwa ajili ya mpanda farasi. Nguzo fupi za kuzuia magari zimeshawaangusha waendesha baiskeli usiku. Zibaki pale tu ambapo magari kweli yanaingia, iwe moja katikati yenye rangi ya kuakisi mwanga, na pande zote mbili paachwe mita 1.5.

Vibao vya umbali vinasomeka upande mmoja tu. Vigeuzwe kuwa vya pande mbili, maana aliyeumia anatakiwa kutaja namba kwa simu bila kutafuta.

Wenye ardhi

Makubaliano ya mdomo yafikie mwisho. Shamba likiuzwa, mwenye mali mpya hafungwi na neno la aliyeondoka. Haki ya kupita iandikwe na isajiliwe, ikionyesha upana na nani anatunza uzio.

Fedha na siku ya kazi

Mweka hazina atasoma hesabu. Ombi langu ni kwamba fungu la matunzo litengwe kabla ya fungu la ujenzi, lisiwe masalio.

Kila kundi la siku ya kazi lije na sepetu mbili, reki ya chuma, msumeno wa matawi, ubao ulionyooka wa mita 1 na pima maji. Laza ubao kukingama njia, inua ncha ya upande wa chini mpaka pima maji itulie katikati, kisha pima nafasi iliyo chini ya ncha hiyo. Ikipungua sentimita 2, andika namba ya kibao kilicho karibu, na hapo ndipo kazi ianzie.

Mwenyekiti