Zuhura, kaa na tatizo lako kwanza

Kuze, Mji wa Kale,
Mombasa

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Mamako kaniambia basi lako ni Jumatatu alfajiri na kwamba chumba cha kulala huko Kipini kimeshapatikana. Alhamdulillahi. Nimeona nikuandikie, kwani tukikaa kuzungumza wewe hunijibu "ndiyo baba, ndiyo baba" na simu iko mkononi, nami husahau nusu ya niliyotaka kusema.

Nimefurahi, hilo lijue mwanzo. Chama cha wavuvi kumkabidhi msichana chumba chao cha baridi akitunze peke yake si jambo dogo. Waliokuja karakana kuniuliza kama hakukuwa na mvulana wa kazi hiyo nimewajibu jawabu la kuwatosha. Mkono wako umetulia kuliko wa vijana wote waliopita kwangu. Lakini liko jambo linaninyima usingizi, na ni lile lile nililokwambia Ramadhani: ukikwama hukai na tatizo lako. Unakimbilia kuuliza.

Ile friji ya mama wa Makadara, hata hujaisogeza ukutani, ulikuwa ushaipiga picha na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la wenzako wa chuo. Majibu yakamiminika, yote mamoja: gesi imeisha. Ukaamini, ukaanza kufungua mtungi. Mimi nikakibana kipande cha karatasi mlangoni, nikakivuta, kikatoka bila kushikwa. Mpira wa mlango ulikuwa umekufa upande wa chini. Ungejaza gesi, mama wa watu angelipa, na baada ya wiki mbili angerudi na friji yake kwa mkokoteni. Sikukusema mbele ya mteja. Nakusema sasa.

Wenzako si wajinga. Kosa ni kwamba jibu la kwanza likishaingia kichwani, mengine hayapati pa kukaa. Na hao waliokujibu hawakuwa wameiona friji.

Usidhani nasema kwa ukale. Nilipokuwa kwenye kampuni ya samaki tulipelekwa mafunzo, tukakalishwa duara, kila mtu atoe wazo linalomjia. Mtindo huo ulienezwa na Mmarekani Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara, na kitabu chake kikubwa kilitoka 1953. Siku ile wenye sauti walisema mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, na sisi tulioijua mitambo tukanyamaza. Baadaye nikasoma kwamba Chuo Kikuu cha Yale walilipima jambo hili mwaka 1958. Watu wanne walifikiri pamoja, na wengine wanne wakafikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo ya hao wa pili yakakusanywa na yaliyofanana yakahesabiwa mara moja. Waliofikiri peke yao walitoa karibu maradufu. Mwaka 1987 Diehl na Stroebe, watafiti wa Ujerumani, wakaonyesha sababu kubwa: mwenzio akisema wewe unangoja zamu, na ukingoja wazo linakutoka. Osborn mwenyewe hakulitegemea kundi peke yake, alitaka mtu akae na fikra zake kwanza, na pia baadaye. Waalimu wa mafunzo huiruka sehemu hiyo.

Kanuni moja ya Osborn ishike, kwa kuwa mtu mmoja anaiweza: wakati wa kutoa mawazo usiyahukumu. Andika hata la kipuuzi. Kuhukumu kuna wakati wake, karatasi ikishajaa.

Tuseme basi umefika, na kompresa, ile pampu ya gesi ya chumba cha baridi, inakwenda usiku na mchana bila kupumzika, na samaki bado wanalegea. Utasikia wavuvi mlangoni: gesi, gesi. Simu iweke mfukoni. Chukua daftari uandike kila mahali joto linapoweza kuingia na kila mahali baridi inapoweza kupotea. Mpira wa mlango. Kondensa iliyokaa upande wa bahari, vibati vyake vimeliwa na chumvi na vumbi limeziba, joto halina pa kutokea. Koili ya ndani iliyovaa barafu. Umeme mdogo jioni. Samaki wa jua kali wanaoingizwa makreti kwa makreti kwa mara moja, bila kupitishwa kwenye barafu kwanza. Feni inayozunguka kinyume kwa sababu aliyekutangulia alichanganya nyaya. Taa inayoachwa ikiwaka. Endelea hata ukiona yamekwisha, maana hayo ya mwanzo ni ya kila fundi. Ya kwako huja baada ya hapo, wakati kalamu imesimama na unatamani kuinuka. Usiinuke.

Hapo ndipo unapoligeuza swali. Umekuwa ukiuliza jinsi ya kuongeza baridi. Uliza mlango unafunguliwa kwa ajili ya nini. Kaa nje asubuhi nzima utazame. Pengine utakuta kila mvuvi anaingia kutafuta kreti lake, anapekua ya wenzake, mlango uko wazi muda wote huo. Basi labda dawa ni rangi kwenye makreti na ubao ukutani kwa nje unaoonyesha kreti la nani liko wapi. Sisemi ndilo jibu la Kipini, sijafika huko. Nasema jibu la namna hiyo halipatikani ndani ya kompresa, na hakuna wa kundini atakayekuletea.

Halafu ile video uliyonionyesha, ya vyungu viwili. Yule Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria aliyetoka ukoo wa wafinyanzi, alifanya kazi ya heshima katika miaka ya 1990: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa. Maji yakikauka huondoka na joto la chungu cha ndani, na mboga hukaa siku nyingi bila umeme. Uliniambia utawafundisha akina mama wa samaki wasio na friji. Moyo wako nimeupenda, kwa kuwa hakuna aliyekutuma uwafikirie. Lakini mamangu, kaskazini mwa Nigeria hewa ni kavu. Kipini ni pale Mto Tana unapoingia Ghuba ya Ungwana, hewa imeshiba maji tayari, mchanga hautakauka upesi na chungu hakitapoa cha maana. Wewe umesoma haya, ulipata alama nzuri kuliko wote, na bado video ikakutangulia.

Alichofanya Bah Abba ni kutazama kilichojaa kwao: udongo, mchanga, upepo mkavu. Kipini kumejaa nini? Sijui, nawaza makumbi ya nazi, yana nyuzi zinazozuia joto. Sanduku lenye kuta mbili, makumbi makavu yakashindiliwa katikati, barafu ndani, huenda likafikisha samaki sokoni. Makumbi yakilowa hayatafaa tena, kwa hiyo hilo nalo litafutie njia. Sitakutafutia mimi.

Ulipokuwa mdogo ukiuliza jambo nilikujibu papo hapo, wateja walikuwa wamejaa. Hayo yamepita.

Ukishaandika, ukajaribu, likashindikana, nipigie, hata usiku wa manane. Ila nitakuuliza kwanza umeandika nini, na usinisomee jambo moja tu. Si kwamba nakufukuza. Mamako atasema nakufukuza.

Huku nyumbani maji ya mfereji bado yanakuja yakitaka, na kupandisha madumu ghorofani kunamuumiza mamako goti. Kila mtu alitwambia tununue pampu. Nilikaa nalo, na mwisho tumehamishia ufuaji wote chini, kwenye uwazi wa ngazi, na beseni lako kubwa limekwenda huko. Salim ana karo ya muhula huu, bado kidogo. Chumba chako hakitaingizwa mashine, nimemwambia Salim, asikudanganye.

Geji yangu ya gesi nimeitia kwenye mkoba wako. Bomba lake la bluu lina ufa karibu na kifundo, nunua jingine Mwembe Tayari kabla ya Jumamosi, na ulipime dukani usije ukaligundua huko. Kiatu cha mpira usisahau, sakafu ya barafu inateleza. Basi la Lamu litakushusha Witu, hapo utafute usafiri wa Kipini, na usipande wa mwisho wa jioni.

Nauli iko kwa mamako. Umwambie kama chumba kina kitanda, maana anataka kufunga lile godoro dogo, nami sitaki likalipiwe mzigo bure.

Babako