Weusi wa alama si kipimo cha hijama

Mhariri,

Tangu muogeleaji wa Marekani Michael Phelps aonekane na miduara ya zambarau mwilini kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wengi wanaoumwa mgongo na shingo wameshika imani kwamba hijama (kuumikwa kwa vikombe vinavyovuta ngozi) isiyoacha alama nyeusi haijafanya kazi. Mteja anaidai alama, na baadhi ya waumikaji wanamridhisha kwa kuvuta pampu hadi mtu anauma meno. Matokeo yake ni malengelenge.

Alama ile ni damu iliyovuja chini ya ngozi baada ya mishipa midogo kabisa kupasuka kwa mvuto. Si sumu iliyotoka kwenye msuli. Weusi wake hutegemea nguvu ya mvuto, muda na ngozi ya mhusika, nayo hufifia kwa siku chache hadi wiki mbili. Msuli unaweza kulegea vizuri na ngozi ikabaki na wekundu tu. Nafuu yenyewe, tuseme ukweli, mara nyingi ni ya muda mfupi, na kuipima ni kazi ngumu kwa sababu kila anayewekewa kikombe anajua amewekewa.

Kwa mabega na mgongo uliokaza, hijama kavu, yaani isiyochanja ngozi, ya pampu inatosha. Chukua kikombe chenye kipenyo cha sentimita 4 hadi 6, ukiweke kwenye mnofu ulioshiba, kisha vuta pampu mara moja au mbili. Ngozi ipande kiasi, mtu ahisi kuvutwa lakini aendelee kuzungumza na kupumua kama kawaida. Mara ya kwanza dakika 5 zinatosha. Baadaye unaweza kufika 10. Usiondoke chumbani. Ngozi ikianza kumeremeta na vijipovu vya maji kuchomoza, toa kikombe hapo hapo hata kama dakika hazijatimia.

Kikombe kinachoachia kila mara huwa kimekalia nywele au mfupa, hivyo hewa inapenya ukingoni. Wengi hapo huongeza pampu, na ndipo ngozi inapoumia. Paka mafuta kidogo ukingoni au kihamishe. Pingili za uti wa mgongo ziachwe, vilevile mbele na pembeni ya shingo panapodunda mshipa mkubwa wa damu, mishipa ya vena iliyovimba, vidonda na ukurutu. Wakati wa kutoa, fungua valvu. Kama haipo, bonyeza ngozi kando ya ukingo hewa iingie. Kukikwanyua kwa nguvu huchuna ngozi.

Wanaotumia moto badala ya pampu ili kikombe kivute ngozi wana hatari yao. Pamba ikilowa spiriti kupita kiasi hudondosha matone yanayowaka mgongoni, na mwali ukikawia karibu na mdomo wa kikombe, ukingo unaunguza. Pamba ikamuliwe, ishikwe kwa koleo, iingizwe na kutolewa mara moja. Chupa ya spiriti ikae mbali, imefungwa. Kwa maumivu ya misuli hatuoni sababu ya kuhangaika na moto wakati pampu ipo.

Hijama ya kuchanja ni jambo jingine kabisa. Wembe mpya kwa kila mtu, glavu mpya, na vikombe vinavyotupwa baada ya kutumika. Kufuta kikombe chenye damu kwa spiriti hakukifanyi kuwa salama dhidi ya homa ya ini aina ya B. Ukimwona mtu anasuuza vikombe kwenye beseni moja, vaa shati lako uondoke.

Kabla ya yote, muulize mteja anatumia dawa gani. Anayekunywa warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda asiumikwe. Mjamzito asiwekewe kikombe tumboni wala kiunoni. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za ngozi hatajua anapoumia, kwa hiyo kumuuliza "unasikiaje?" hakusaidii kitu. Msuli uliochanika juzi nao uachwe upone kwanza.

Na yapo maumivu ya mgongo yasiyohusu vikombe kabisa: yanayoambatana na homa, miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri au mkojo kutoka bila kujizuia. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kubanwa kifua na jasho. Huyo hata dakika 5 za kikombe ni kumchelewesha.

Mtaalamu wa fiziotherapia