Jua la saa sita na kilengeo cha mbele cha bastola

Katika karakana yetu ya kurekebisha silaha, wateja wa Nairobi wanaoshiriki mashindano ya kulenga shabaha hutuletea lalamiko moja kwa maneno yanayofanana: bastola ilipiga katikati saa mbili asubuhi, lakini ilipofika saa sita mchana risasi zilianza kupanda juu, na tangu hapo mwenyewe amekuwa akizungusha skrubu za kilengeo cha nyuma bila mafanikio. Mara nyingi silaha yenyewe haina kasoro. Kilichobadilika ni mwanga unaokiangukia kilengeo cha mbele, yaani kile kijiti kidogo kinachosimama juu ya mtutu karibu na mdomo wake, na jicho la mlengaji limedanganywa bila yeye kufahamu.

Mlengaji hukiweka kijiti hicho katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma, kichwa chake kikiwa sawasawa na kingo za juu za pengo, na ili afanye hivyo kwa uhakika anahitaji kukiona kikiwa cheusi chote. Jua la utosini likikipiga, kichwa chake humeta na kupotea katika weupe wa karatasi ya shabaha, hivyo jicho huhesabu kwamba kijiti kinaishia pale weusi unapoishia; mlengaji, akidhani kijiti kimezama, hukiinua, na mtutu huinuka pamoja nacho. Mwanga ukitoka kushoto, upande wa kushoto ndio unaopotea, naye huuweka katikati ule weusi uliobaki, na risasi huenda kushoto. Kwa kijiti cheusi, basi, risasi hulifuata jua. Kilengeo chenye shanga ya rangi ya dhahabu huleta kosa la upande wa pili, kwa kuwa hapo jicho hushika sehemu inayong'aa badala ya ile nyeusi.

Kosa hilo si dogo kama linavyodhaniwa. Ikiwa umbali kati ya vilengeo viwili ni milimita 150, kukosea kwa nusu milimita tu kwenye kilengeo cha mbele huisogeza risasi kwa zaidi ya sentimita 8 kwenye shabaha iliyo mita 25. Katika karatasi ya shabaha ya ISSF (shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha) inayotumiwa kwa umbali huo katika hatua ya usahihi, duara la alama 10 lina kipenyo cha sentimita 5, kwa hiyo risasi iliyostahili alama 10 huangukia kwenye 7.

Kabla ya kutulipa chochote, futa mafuta. Tunasema hivi kwa uzoefu, maana bastola nyingi zinazofika mezani kwetu zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu hadi juu ya kilengeo, na utando mwembamba wa mafuta hung'aa kuliko chuma kilicho chini yake. Hakikisha kwanza kwamba magazini imetolewa na chemba haina risasi, kisha pangusa kilengeo kwa kitambaa chenye spiriti. Ukiona kingo zimekuwa nyeupe, rangi imelika kwa kusuguana na ala kila bastola inapochomolewa. Kalamu ya wino mzito husaidia kwa siku moja, ingawa nyingine huacha wino unaometa na kurudisha tatizo lile lile.

Walengaji wa zamani walitumia masizi, na kwa maoni yetu hakuna rangi ya dukani inayoyashinda kwa weusi. Wengine walitumia mwali wa taa ya kabidi, inayochoma gesi ya asetilini, na wengine waliwasha kipande cha kafuri na kukipitisha kilengeo haraka juu ya moshi wake hadi kikafunikwa na unga mweusi mkavu usioakisi mwanga. Masizi ya koroboi hayafai sana kwa sababu yana mafuta. Kazi hii ifanywe nje, risasi zikiwa mbali, na isifanywe kamwe kwenye kilengeo cha plastiki au chenye kichupa cha tritiamu, gesi inayokifanya king'ae gizani. Udhaifu wake ni kwamba masizi hufutika mara tu bastola inaporudishwa kwenye ala.

Suluhisho la kudumu limo katika umbo la kilengeo. Vilengeo vingi vina mgongo ulioinama kama mteremko ili visinase kwenye ala, na mteremko huo ndio kioo chenyewe: ukiwa na nyuzi 45, hulitupa jua la utosini moja kwa moja kwenye jicho la mlengaji. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na mwezi Machi na Septemba jua la mchana hupita karibu kabisa na utosi. Sisi huchonga kwenye mteremko huo mistari ya kukingama, 40 au 50 kwa kila inchi, ili kila kijingazi kijitilie kivuli, kisha tunaupuliza uso wote kwa chembe laini za mchanga na kuupaka rangi nyeusi isiyong'aa. Kwa bastola ya mashindano pekee, tunapendelea kilengeo ambacho uso wake umeinama kumwelekea mlengaji, kwa sababu uso wa namna hiyo hubaki kivulini mwake wenyewe.

Tafadhali usikipige tupa kichwa cha kilengeo nyumbani. Kukipunguza kwa milimita 0.3 hupandisha risasi kwa sentimita 5 kwenye mita 25, na chuma kilichoondolewa hakirudishwi.

Ukija, njoo mwenyewe na cheti chako cha umiliki chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, kwani hatupokei silaha kutoka kwa mtu mwingine kwa niaba yako. Tungependa pia uje karibu na saa sita ikiwa hakuna mawingu, ili tutoke nje na kilengeo chako na kukitazama chini ya jua lile lile linalokusumbua.